Mkono Ufike Wapi Kabla Roboti Haijaanguka: Mwongozo wa Kusawazisha Ufikio na Uthabiti wa Roboti ya Mashindano

Roboti ya kwanza ya klabu yetu yenye mkono mrefu ilifanya kazi bila tatizo kwa wiki tatu katika darasa tulilopewa hapa Dodoma, ikibeba makopo, ikikimbia na kufunga breki, kisha ikaanguka kifudifudi mara mbili ndani ya dakika moja ilipowekwa kwenye zulia la uwanja wa mashindano. Hatukuwa tumebadilisha hata nati moja. Ilituchukua siku nzima kutambua kwamba sakafu ya saruji ya darasa letu, ambayo wakati wa kiangazi haikosi vumbi linaloingizwa na upepo hata ukifagia mara tatu kwa siku, ndiyo iliyokuwa ikificha ugonjwa. Kila dereva alipofunga breki ghafla, magurudumu yaliteleza kidogo juu ya lile vumbi na roboti ikapona. Zulia safi liliyashika magurudumu barabara, na nguvu iliyokuwa ikiishia kwenye kuteleza ikahamia kwenye kuipindua roboti.

Mwongozo huu unatokana na somo hilo. Umeandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaojenga roboti za kilo tano hadi ishirini hivi, zenye mkono mmoja unaonyooka mbele, na wenye vifaa vya kawaida: mizani ya jikoni, futi ya kupimia, kipande cha ubao na kikokotoo cha simu. Hesabu zilizomo hazizidi kuzidisha na kugawanya.

Jambo la kuelewa kabla ya kushika bisibisi

Yeyote aliyewahi kuvuta mkokoteni katika Soko la Majengo anajua kwamba shehena ikipangwa mbele ya ekseli mvutaji huelemewa mikono, na ikipangwa nyuma mno mishikio hupaa na yeye akaning'inia. Uzito wa shehena ni uleule katika hali zote mbili. Kinachobadilika ni umbali wake kutoka kwenye ekseli. Hii ndiyo kanuni ya wenzo tuliyofundishwa shule ya msingi, yenye egemeo, mzigo na jitihada, na roboti yenye mkono haitoki nje ya kanuni hiyo hata kidogo. Egemeo lake ni mstari unaounganisha sehemu mbili ambapo magurudumu ya mbele yanagusa sakafu. Kila gramu iliyo mbele ya mstari huo inaivuta roboti ianguke, na kila gramu iliyo nyuma yake inaizuia.

Kwa hiyo urefu wa mkono peke yake hausemi chochote. Mkono wa sentimita 80 ambao bega lake, yaani kiungo unapoanzia, liko nyuma ya roboti unaweza kuwa salama kuliko mkono wa sentimita 50 uliofungwa kwenye ukingo wa mbele. Kinachotawala ni mzigo utakaa sentimita ngapi mbele ya ekseli ya mbele, na roboti ina kitu gani nyuma ya ekseli hiyo cha kuulipia. Nimeona timu zikibishana wiki nzima kuhusu urefu wa bomba la mkono bila mtu yeyote kuuliza betri itakaa wapi.

Hatua ya kwanza: soma sheria, kisha pima unachohitaji kufikia

Mashindano hayafanani. Katika FIRST Tech Challenge roboti huanza mchezo ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani sentimita 45.72 kila upande, na katika msimu wa 2024–2025 haikuruhusiwa kutanuka kwa mlalo kupita eneo la inchi 20 kwa 42, sawa na sentimita 50.8 kwa 106.7 hivi. Katika kundi la RoboMission la World Robot Olympiad, roboti huanza ikiwa ndani ya sentimita 25 kwa 25 kwa 25. Sheria za ukubwa hubadilika kutoka msimu hadi msimu, kwa hiyo anayejenga kwa kumbukumbu za mwaka jana anajitafutia matatizo. Andika kwenye karatasi moja ukubwa wa kuanzia, kikomo cha kutanuka, uzito wa juu unaoruhusiwa na aina ya sakafu ya uwanja, kisha ibandike ukutani.

Baada ya hapo pima uwanja wenyewe, au ujenge sehemu yake kwa mbao na kadibodi. Swali ni hili: fremu ya roboti ikiwa imesogea karibu na shabaha kadiri inavyowezekana, kiganja cha mkono kinahitaji kuipita fremu hiyo kwa sentimita ngapi, na kwa kimo gani? Chora roboti kwa ukubwa wake halisi kwenye boksi la friji lililokunjuliwa, kata mkono wa kadibodi, uupigilie pini begani, uuzungushe. Zoezi hili la saa moja limewahi kutupunguzia sentimita 14 za mkono, kwa sababu tuligundua kwamba roboti ingeweza kusogea mpaka ukingoni mwa kikapu badala ya kusimama mbali na kujinyoosha. Ongeza sentimita tatu au nne kwa ajili ya makosa ya dereva, usizidishe.

Hatua ya pili: pima uzito kwa vipande

Usikadirie kwa mkono. Pima kila sehemu kabla ya kuifunga: fremu yenye mota na magurudumu, betri, mnara wa bega, bomba la mkono, na kiganja pamoja na sevo yake, yaani mota ndogo inayoendesha vidole. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya kengele za ulinzi, ina kilo mbili na ushee, na katika roboti ndogo hicho ndicho kitu kizito kuliko vyote unachoweza kukihamisha utakavyo. Kama mashindano yako yanalazimisha betri ya aina nyingine, pima hiyo.

Kisha roboti ikiwa imekamilika, mkono ukiwa umefungwa kwa kamba katika mkao unaotaka kuuchunguza, weka magurudumu ya nyuma juu ya mizani na yale ya mbele juu ya kipande cha mbao chenye kimo sawa na cha mizani. Hakikisha kwa pimamaji kwamba fremu imelala sawa. Usomaji wa mizani ukizidishwa kwa umbali kati ya ekseli mbili, kisha ukagawanywa kwa uzito wote wa roboti, unakupa umbali wa kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa roboti ni kama umekusanyika, nyuma ya ekseli ya mbele. Nitauita umbali huo akiba. Akiba ikifika sifuri roboti inaanguka hata ikiwa imesimama tuli.

Hatua ya tatu: fanya hesabu ya akiba kwenye karatasi

Mizani hukupa jibu la roboti iliyokwisha kujengwa. Karatasi hukupa jibu la roboti ambayo bado hujaikatia alumini, na hapo ndipo pesa inapookolewa. Tuchukue mfano unaokaribiana na ile roboti yetu. Umbali kati ya ekseli ni sentimita 36 na magurudumu yana kipenyo cha sentimita 7.5. Fremu pamoja na betri na mnara ina kilo 9, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 17 nyuma ya ekseli ya mbele, kimo cha sentimita 9 kutoka sakafuni. Bega liko sentimita 12 nyuma ya ekseli ya mbele, kimo cha sentimita 40. Mkono una urefu wa sentimita 60. Bomba lake lina kilo 0.7, kiganja kilo 0.6, na mzigo kilo 0.5.

Mkono ukinyooka mlalo, katikati ya bomba iko sentimita 18 mbele ya ekseli, na kiganja na mzigo viko sentimita 48 mbele. Upande wa nyuma tuna 9 mara 17, yaani kilo-sentimita 153. Upande wa mbele tuna 0.7 mara 18, ambayo ni 12.6, na 1.1 mara 48, ambayo ni 52.8, jumla 65.4. Zinabaki 87.6, na tukigawanya kwa uzito wote wa kilo 10.8 tunapata akiba ya sentimita 8.1. Mizani ya nyuma ingesoma kilo 2.4 hivi, kumaanisha kwamba zaidi ya robo tatu ya uzito wote sasa imeelemea magurudumu ya mbele.

Sasa mtu akisema, "Tuongeze sentimita 15 tu," rudia hesabu. Bomba linakuwa na gramu 875, mzigo unakwenda sentimita 63 mbele, na akiba inaporomoka hadi sentimita 5.6. Robo ya urefu imekula karibu theluthi moja ya akiba.

Hatua ya nne: tafuta kimo, kwa sababu roboti haisimami tuli

Timu nyingi hufanya hesabu ya hatua ya tatu na kuishia hapo, na roboti zao huanguka. Akiba ya sentimita nane inatosha kabisa kwa roboti iliyosimama, lakini roboti ya mashindano inakimbia, inafunga breki, inarudi nyuma ghafla baada ya kunyakua kitu, na katika kila tukio la namna hiyo kitovu cha uzito hutaka kuendelea na safari yake wakati magurudumu yamekwisha kusimama. Kadiri kitovu kinavyokuwa juu, ndivyo msukumo huo unavyopata wenzo mrefu wa kuipindulia roboti. Kinachoamua ni akiba ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Nitauita uwiano wa kuanguka, na maana yake ni hii: uwiano wa 0.5 unasema roboti itaanza kunyanyua magurudumu ya nyuma pale breki itakapofikia nusu ya mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani karibu mita 4.9 kwa sekunde kwa sekunde.

Katika mfano wetu, mkono ukiwa mlalo, kimo cha kitovu ni 9 mara 9 kujumlisha 1.8 mara 40, yaani 153, gawanya kwa 10.8: sentimita 14.2. Uwiano ni 8.1 kwa 14.2, ambao ni 0.57.

Hapa kuna jambo lililonishangaza nilipolifanyia hesabu mara ya kwanza, na bado huwashangaza wanafunzi kila mwaka. Wote hudhani mkao wa hatari kuliko yote ni mkono ukiwa mlalo kabisa. Inua mkono huo nyuzi 30 juu ya mlalo uone. Mzigo unarudi nyuma kidogo tu, kutoka sentimita 48 hadi 40 mbele ya ekseli, lakini unapanda kutoka kimo cha sentimita 40 hadi 70. Akiba inaongezeka hadi sentimita 9.2, jambo linalofurahisha, lakini kimo cha kitovu kinaruka hadi sentimita 18.2, na uwiano unashuka hadi 0.51. Kwa nyuzi 45 unapanda tena hadi 0.53, na kwa nyuzi 60 unarudi kwenye 0.57 ile ya mlalo. Mkono ukisimama wima uwiano ni 0.73. Mkao mbaya, basi, ni ule ambao madereva huutumia zaidi: mkono umeinuliwa kidogo, mzigo uko kiganjani, roboti inakimbilia kikapuni. Fanya hesabu kwa pembe nne au tano, ukipima nafasi za mkono kwenye ile kadibodi ya hatua ya kwanza, na uchukue namba ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo namba ya roboti yako.

Hatua ya tano: ubao

Karatasi hudanganya pale uzito ulipopimwa vibaya, kwa hiyo kila roboti yetu sasa hupita kwenye ubao kabla ya kuruhusiwa kukimbia. Tafuta ubao mnene wa mita moja na nusu usiopinda na ubandike juu yake kipande cha zulia au mkeka wa sponji unaofanana na sakafu ya uwanja. Ukikosa kabisa, kipande cha zulia la nyumbani ni bora kuliko saruji tupu.

Jaribio la kwanza ni la kuteleza. Funga magurudumu yote kwa zipu za plastiki yasizunguke, kunja mkono, weka roboti kwenye ubao ikitazama upande wa kuteremka, kisha mtu mmoja anyanyue ncha moja ya ubao polepole. Roboti inapoanza kuteleza, simamisha ubao na upime vitu viwili: kimo cha ncha iliyonyanyuliwa kutoka sakafuni, na umbali wa mlalo, sakafuni, kutoka chini ya ncha hiyo hadi ncha iliyobaki chini. Kimo gawanya kwa mlalo: huo ni uwiano wa kuteleza. Dondosha timazi kutoka kwenye ncha iliyonyanyuliwa ili mlalo usipimwe kwa macho.

Jaribio la pili ni la kuanguka. Nyoosha mkono katika ule mkao mbaya uliouona kwenye karatasi, ufunge kwa kamba usishuke, weka mzigo halisi kiganjani, pigilia kipande chembamba cha mbao mbele ya magurudumu ya mbele ili yasiteleze, na mtu mmoja ashike kamba iliyofungwa nyuma ya fremu. Nyanyua ubao mpaka magurudumu ya nyuma yaachane nao. Kimo gawanya kwa mlalo tena: huo ni uwiano wa kuanguka, na unapaswa kukaribiana na ule wa kwenye karatasi. Ukitofautiana sana, tafuta kosa. Mara nyingi ni nyaya na skrubu ambazo hakuna aliyezipima.

Sasa linganisha namba mbili. Ile iliyo ndogo ndilo tukio litakalotangulia. Kwetu, saruji yenye vumbi ilitoa uwiano wa kuteleza wa 0.44 na zulia likatoa 0.84, wakati uwiano wa kuanguka ulikuwa 0.50. Darasani roboti iliteleza kabla ya kufika kwenye hatari. Uwanjani haikupata nafasi ya kuteleza. Fumbo lote la siku ile liko katika namba hizo tatu, na tungeweza kuzipata kwa ubao mmoja.

Kuna jambo moja la pembeni hapa. Roboti inayofunga breki kwa magurudumu ya nyuma peke yake haipinduliki kirahisi kwa breki zake yenyewe, kwa sababu kadiri nyuma inavyokuwa nyepesi ndivyo magurudumu hayo yanavyopoteza mshiko. Wapo wanaoutumia ukweli huu kama kinga. Mimi siupendi, kwa kuwa roboti hiyo pia hukosa nguvu ya kusogea pale tu mkono wake unaponyooka, na ikigongwa na mpinzani kwa nyuma inaanguka vilevile.

Hatua ya sita: tiba, kwa mpangilio wa gharama

Anza na kisichogharimu kitu. Katika mfano wetu, kwa ule mkao wa nyuzi 30, kuisogeza betri ya kilo 2.2 nyuma kwa sentimita 10 kunaongeza kilo-sentimita 22, na uwiano unapanda kutoka 0.51 hadi 0.62. Ni kazi ya kutoboa matundu manne. Kisha sogeza ekseli ya mbele iende mbele sentimita mbili ndani ya fremu ileile. Umbali kati ya ekseli unakuwa 38, ukiongeza kipenyo cha gurudumu unapata 45.5, kwa hiyo bado unaingia kwenye sentimita 45.72 bila kubishana na mkaguzi. Uwiano unafika 0.73.

Hatua inayofuata ni kiganja. Gramu moja kwenye ncha ya mkono ni ghali kuliko gramu moja mahali pengine popote, maana inaumiza akiba na kimo kwa pamoja. Tuliondoa gramu 200 kwa kubadilisha bamba la chuma kuwa plastiki ya ndoo, kukata bolti zilizokuwa zimetokeza, na kuihamisha sevo kutoka kiganjani hadi karibu na bega, ikivuta vidole kwa waya wa breki ya baiskeli unaopita ndani ya ala yake. Uwiano ukawa 0.82. Mwisho tulishusha bega kwa sentimita sita, baada ya kuthibitisha kwenye kadibodi kwamba kikapu bado kinafikika, na tukapata 0.87, juu kidogo ya mshiko wa zulia. Uwiano wa kuanguka ukiuzidi ule wa kuteleza, breki peke yake haziwezi tena kuiangusha roboti; itateleza kwanza, hata kwenye sakafu inayoshika.

Sawazisho la uzito, yaani kipande cha chuma kilichofungwa nyuma, nimeliacha mwisho makusudi. Linafanya kazi: winchi ndefu za ujenzi zinazoonekana Mtumba, hapa Dodoma, huwa na matofali ya zege kwenye mkono wao mfupi wa nyuma kwa sababu hiyohiyo. Lakini winchi imesimama mahali pamoja na haina haja ya kukimbia. Katika mfano wetu kilo moja juu ya ekseli ya nyuma ingeongeza akiba kwa zaidi ya sentimita mbili, na ingegharimu kilo moja ya uzito unaoruhusiwa, kasi na chaji ya betri. Kama sheria zinaruhusu, vigurudumu viwili vidogo vilivyotokeza mbele, vikiwa milimita tatu au nne juu ya sakafu, huzuia mwanguko kwa gramu chache kuliko kipande hicho cha chuma. Katika hali ya kawaida havigusi kitu.

Kosa moja la kuepuka: mpira wa tyubu uliokatwa kama wa manati, ukifungwa kati ya mnara na mkono ili kumsaidia mota kuinua, hausaidii uthabiti hata kidogo. Unapunguza jasho la mota tu. Mpira huo uko ndani ya roboti, unavuta fremu na mkono kwa nguvu sawa, na ekseli ya mbele haina habari nao.

Hatua ya saba: mota na bomba la mkono

Nguvu inayohitajika begani huhesabiwa kutoka kwenye bega lenyewe, si kutoka kwenye ekseli. Baada ya kupunguza gramu 200, mkono wetu ulio mlalo unadai 0.7 mara 30 kujumlisha 0.9 mara 60, yaani kilo-sentimita 75, karibu nyutoni-mita 7.4. Mkono wa sentimita 75 ungedai 100. Usichague mota ambayo nguvu yake ya mwisho, ile ya kukwama, inalingana na hitaji hilo, kwa sababu mota iliyoshikilia mzigo karibu na kukwama huungua. Zidisha mara tatu: tunahitaji 225. Ikiwa mota yako hutoa kilo-sentimita 40 kabla ya kukwama, gia au cheni kati yake na bega inapaswa kupunguza mwendo angalau mara sita, na ukihesabu msuguano wa beringi na cheni, mara saba ni salama zaidi.

Kuhusu bomba lenyewe, kumbuka kwamba kupinda huongezeka kwa mchemraba wa urefu. Bomba lilelile likirefushwa kutoka sentimita 60 hadi 75, mzigo uleule utalishusha karibu mara mbili. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na vipande vya mabomba ya mraba wanavyoviweka pembeni, na vipande vifupi huviuza kwa bei ya maelewano. Chagua bomba lenye pande pana na kuta nyembamba kuliko fito nene isiyo na uwazi: kwa uzito uleule halipindi sana kama fito hiyo. Kama ni la mstatili, lisimamishe kwa upande wake mrefu. Usitoboe matundu makubwa karibu na bega, ambako mzigo wote unakutana. Toboa kuelekea kiganjani ukitaka kupunguza uzito.

Hatua ya nane: programu na dereva

Kinga ya mwisho iko kwenye programu, na isiwe ya kwanza, kwa kuwa betri mpya au dereva mwenye kiherehere huivuka. Mkono ukiwa umekunjwa, ruhusu mwendo wote. Kipima-pembe cha begani kikisoma mkono umepita mstari wa ekseli ya mbele, punguza kasi ya juu hadi nusu na ulazimishe kasi ipande na kushuka taratibu, tuseme ndani ya sekunde moja, badala ya kukatika papo hapo. Fanya hivyo kwa mwendo wa kurudi nyuma pia, maana kuondoka kwa kurudi nyuma ghafla kunaangusha roboti mbele sawasawa na breki. Mkono wenyewe usisimame ghafla unaposhuka. Mzigo unaosimamishwa kwa kishindo huwa mzito kwa muda kuliko uzito wake, na muda huo mfupi unatosha kunyanyua magurudumu ya nyuma.

Kwa dereva, tunafundisha mpangilio mmoja: kamata, kunja, kimbia, simama, nyoosha, achia. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba anapoteza sekunde mbili kila safari. Ni kweli anazipoteza, na nilimwonyesha saa iliyopima muda tuliotumia kuinyanyua roboti iliyolala kifudifudi.

Siku ya mashindano

Beba ubao, au angalau ubebe kipande cha zulia cha kuutandikia. Safisha magurudumu kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kila mchezo, ukijua kwamba gurudumu safi hushika zaidi na kwa hiyo hupindua zaidi. Ndiyo maana majaribio yote ya nyumbani yafanywe kwa magurudumu safi. Funga betri kwa mkanda wenye kibano. Betri iliyosogea mbele sentimita tano baada ya kugongwa inaondoa nusu ya faida uliyoipata kwa kuihamisha betri katika hatua ya sita.

Andika uwiano wa kuanguka na ule wa kuteleza kwa kalamu ya kudumu kwenye fremu, pamoja na tarehe, mahali ambapo kila mwanafunzi anapaona. Katika klabu yetu, badiliko lolote linalozidi gramu 100 mbele ya ekseli ya mbele, hata likiwa ni bendera ndogo ya Taifa iliyobandikwa kwenye kiganja dakika za mwisho, hufuta namba hizo, na roboti hurudi kwenye ubao kabla ya kurudi uwanjani.